Gari Lisilotaka Polepole

Nilianza kuliogopa gari lile kabla sijaliona, kwa sababu nililisikia kwanza. Nilikuwa barazani kwangu Mkolani nashona sare za shule, nikasikia kitu kinalia upande wa barabara ya Shinyanga. Haukuwa mngurumo wa gari tuliouzoea. Kilikuwa kilio chembamba cha juu, kama cherehani inayokanyagwa na mtu mwenye hasira. Kinapanda, kinapanda, unangoja kishuke, hakishuki. Uzi ukanikatikia.

"Huyo ni mkwe wako," akasema jirani yangu Teodora, anachambua dagaa huku anacheka. "Ngosha, Msukuma wenu, amelileta lile gari lake la Kijapani. Milango miwili! Sasa wewe mama mkwe utaingilia wapi?"

"Bado hajawa mkwe."

"Atakuwa. Mtazame binti yako."

Binti yangu Prudencia alikuwa ameshatoka mlangoni, kitenge hajakifunga vizuri, anakimbia kwenda barabarani. Ana miaka ishirini na mitatu, anapima sangara kwenye kiwanda cha minofu. Huko ndiko alikoonana na Nkwabi Luhaga, kijana anayenunua mabondo, yale ya tumboni mwa sangara yanayosafirishwa ng'ambo. Biashara hiyo imewapa vijana wa Mwanza pesa ambazo baba zao hawakuzijua.

Gari likasimama. Jekundu, fupi, limeinama chini kama paka anayenyemelea. Nkwabi akashuka, mrefu kuliko gari lenyewe, akaja mpaka kwangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Ni gari, Mama."

"Naona ni gari. Nauliza linalilia nini."

Akatabasamu, akageuka kumtazama Prudencia. Prudencia hakumtazama yeye. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, macho yamelowa kama ya mtu aliyepokewa na mchumba wake stesheni. Kisha ndipo akamwinulia Nkwabi macho, na macho yale yalimfanya kijana wa watu asahau kwamba nipo. Niliyaona hayo yote. Sikuyaelewa.

Ngoja niseme kwa nini gari lilikuja. Shemeji yangu Projest, ambaye ndiye baba wa Prudencia sasa, alikuwa ameandika barua kutoka Bukoba. Barua yenyewe haikuwa na sukari. Aliuliza kama wanaume wa Kihaya wameisha mpaka binti wa marehemu kaka yake aende kwa wachunga ng'ombe, kisha akamalizia: mleteni huyo Msukuma, tumwone kwa macho. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Sasa, kutoka Mwanza kwenda Bukoba watu hupanda meli. Lakini tangu meli ile ya Bukoba izame mwaka jana, na mume wangu akiwa ndani, Prudencia hagusi ziwa. Hata pantoni ya kwenda Kamanga, ambako unaiona ng'ambo ukiwa umesimama huku, hapandi. Njia pekee isiyo na maji ni kuzunguka Shinyanga na Kahama, barabara ya vumbi na mashimo isiyoisha. Ndiyo sababu walisema wanataka gari lenye mbio, watoke alfajiri, wafike siku hiyohiyo.

Nilimwambia Nkwabi palepale barazani, "Kabla binti yangu hajakaa humo kwenda Bukoba, nitakaa mimi."

"Mama!" Prudencia akacheka. "Wewe hata kwenye baiskeli ya Baba ulikuwa unafumba macho."

"Nitafumba. Lakini nitakaa."

* * *

Jumapili baada ya misa Nkwabi akaja kunichukua. Prudencia alibaki kupika. Nilipoingia garini nilikaa, nikaendelea kushuka. Nilidhani kiti kimevunjika. Magoti yakanikaribia kidevuni. Barabara niliiona kwa usawa wa kuku.

Tukaondoka kuelekea Buhongwa. Nilikuwa nimeshika rozari, nangoja kifo. Badala yake gari likaenda linakwamakwama, linaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, na hapo hapo mtu wa baiskeli mwenye magunia mawili ya mkaa akatupita. Akachungulia dirishani.

"Ngosha, nikuvute?"

Nkwabi alikaza macho mbele. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mbona halivuti?" nikamwuliza.

"Mama, injini hii ni ndogo. Huku chini haina nguvu kabisa. Nguvu yake yote iko juu. Unauona mshale huu wa mizunguko ya injini? Ukivuka sita, yaani elfu sita, ndipo linaamka. Linafika mpaka nane."

"Na sasa uko kwenye ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini?"

Tukapita nyumba tatu.

"Naliogopa, Mama," akasema.

Nilimgeukia. Kijana wa mabondo, ambaye mtaa mzima unamwita jasiri, alikuwa amekamata usukani kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

"Unaliogopa, na umelinunua?"

"Dalali alituletea picha za magari. Mimi nilishika picha ya pikapu. Prudencia akashika picha ya hili. Alipoishika alicheka, Mama. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka namna ile. Ningefanyaje?"

"Na kulishusha hivi mpaka linakwaruza chini?"

"Ni yeye. Fundi Chenge alizikata springi kwa moto wa gesi. Mimi nilisema barabara ya Kahama ina mashimo. Prudencia akasema gari la mbio halikai juu kama trekta."

"Na kelele hizi?"

"Yeye. Tulitoa sailensa. Anasema injini ya namna hii lazima ipumue. Anajua mambo hayo kuliko mimi, anawasikiliza madereva wa kiwandani. Kila Jumatatu anapima oili kwa kijiti, maana linakunywa oili kama mlevi."

Nikaiachia rozari. "Nkwabi. Mnapotoka matembezi, nani anaendesha?"

Akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Nimekuuliza, baba."

"Nilimfundisha mwenyewe, Mama, kwenye uwanja wa kiwanda, kabla hatujalileta gari kwako. Sasa ananishinda. Jumapili iliyopita tulipokaribia Usagara mshale ulikuwa kwenye nane. Mimi ndiye niliyefumba macho."

Ninyi akina mama mnaosoma haya, nisikilizeni. Siku zote zile nilikuwa nawasha mshumaa nikimwombea mtu asiyehusika. Niliogopa kijana wa watu ataniulia mwanangu. Kumbe kijana wa watu alikuwa anakaa pembeni anatetemeka, na aliyekuwa anakanyaga ni yule niliyemnyonyesha.

"Kwa nini humkatazi?"

"Nikimkataza ataniona si mwanamume. Na Mama, wewe hujamwona akiwa nalo. Uso wake unafunguka. Mimi nampenda sana akiwa vile."

Tulikuwa tumefika Buhongwa. Akageuza gari turudi. Nikatazama barabara ya lami iliyonyooka mbele yetu, nikasema neno ambalo mpaka leo linanishangaza.

"Nionyeshe."

"Nini, Mama?"

"Nataka kujua anaona nini huko juu."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akavuta pumzi, akarudisha gia, akakanyaga. Kwanza hakukuwa na kitu, kelele tu. Halafu ule mshale ukavuka sita, na kitu kikatushika mgongoni kikatutupa mbele. Kile kilio nilichokisikia barazani sasa kilikuwa ndani ya mifupa yangu. Miti ikawa ukuta. Niseme kweli, maana anayeonya akidanganya hajaonya: palikuwa na utamu. Kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu, sikuwa mjane. Sikuwa na cherehani wala barua ya Projest. Sikuwa na kitu.

Ndipo nikaona ng'ombe.

Kundi zima lilikuwa linavuka barabara. Nkwabi akakanyaga breki, gari likainama, likapunguza. Akaachia, akakanyaga tena, na safari hii nikaona mguu wake unazama mpaka chini kama umekanyaga tope.

"Mayu!" akalia kwa Kisukuma, mama. Sijui alimwita wa kwake au mimi.

Akapampu, mara mbili, mara tatu. Hamna kitu. Akashusha gia, injini ikapiga yowe, akashusha nyingine, akavuta handibreki mpaka gari likaenda upande. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, pua yenye majimaji ya ng'ombe jike ilikuwa inapumulia kioo cha mbele. Mchungaji alitutukana kwa Kisukuma. Sikuhitaji mkalimani.

Nkwabi akasukuma gari pembeni, akafungua boneti. Nikasimama naye, nimeshika mti. Pale ndani palikuwa na karatasi ndogo ya kunata, imeandikwa kwa herufi za Kijapani na tarakimu chache.

"Hii inasema nini?"

"Hakuna anayejua. Chenge anasema ni pambo. Dereva mmoja akasema huenda ni tarehe ya kubadilisha mkanda wa injini, kwamba ukikatika mshale ukiwa juu, injini inajivunja yenyewe. Tumeuliza, hatujapata wa kuisoma."

Nikaipitishia kidole karatasi ile. Onyo lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yetu, na sisi tumeliita pambo.

Nkwabi akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Likatoka povu.

Akalinusa. Akaninyoshea nami nikanusa.

Ilikuwa sabuni ya kufulia.

"Ijumaa pedali ilikuwa inazama," akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Nikampa Prudencia alipeleke kwa Chenge waongeze mafuta ya breki. Jioni nikamwuliza. Akaniambia tayari, wameweka yale ya dukani."

* * *

Tulirudi Mkolani kwa mwendo wa maandamano. Prudencia alikuwa uani, amepakua ndizi na sangara, amejipaka mafuta akang'aa. Alipotuona alipiga makofi.

"Mama yu hai! Haya, niambie, ulipita sita?"

"Nilipita," nikasema.

Nkwabi hakuzima injini. Gari hilo likishapata moto ni shida kuliwasha tena. Akasimama mbele ya Prudencia, kidole chake bado kina ule utelezi.

"Ulisema mmeweka mafuta ya breki."

Tabasamu likamtoka Prudencia polepole. "Dukani yalikuwa yamekwisha. Chenge akasema malori yote ya miaka ile ya shida yalitembea kwa maji ya sabuni. Ni ya muda tu. Jumatano yanakuja, tungebadilisha kabla ya safari."

"Malori hayaendi mbio hizi! Sabuni ikipata moto inachemka, breki zinakufa. Mama yako alikuwa ndani, Prudencia! Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ungelifungia gari! Ungeanza tena zile zako, tungoje, tuangalie, tuulize. Kila siku tuulize! Leo ulikuwa unampeleka mama yangu Buhongwa, nilijua utakwenda mbili na nusu kama kawaida yako. Nani angehitaji breki?"

Neno lile lilimchoma. Nilimwona akipepesa macho.

"Mimi ndiye niliyemwambia akanyage," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Na nusura tuue ng'ombe na kujiua sisi. Kwa hiyo nasema mbele yenu wote wawili. Gari hili haliendi Bukoba. Mmelibadilishia kila kitu cha kulifanya liende, na cha kulisimamisha mmetia sabuni."

"Mnakuza mambo. Zinashika." Prudencia akatupita. "Ngojeni niwaonyeshe zinavyoshika."

Kabla Nkwabi hajanyosha mkono, alikuwa ameingia na kufunga mlango. Akakanyaga mafuta palepale gari limesimama, na kilio kile kikapanda juu ya uwanja wangu mpaka kuku wakatawanyika. Teodora akatoka kwake mbio, mikono kichwani.

Sijui miguu yangu ilinifikishaje. Nilijikuta nimesimama mbele ya boneti, tumbo langu limegusa ule moto wake, na kitenge changu kinapeperushwa.

"Mama, toka!"

"Pita."

"Mama, nimesema toka!"

"Nawe nimekwambia pita."

Akakanyaga tena. Kupitia kioo niliona uso wake. Nkwabi alisema unafunguka. Mimi niliona umefungwa kabisa, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Nikahisi mtu kando yangu. Nkwabi. Alikuwa anaogopa, meno yake nayasikia yakigongana, lakini alisimama begani kwangu na hakuinamisha macho. Prudencia akamtazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa hajawahi kuyaona macho yale yakimkatalia kitu.

Akateremsha kioo. Alikuwa analia.

"Leo ndiyo unasimama mbele, Mama? Leo? Baba alitaka kurudi kwa basi. Wewe ndiye uliyemwandikia apande meli. Ulimwambia basi litamwumiza mgongo."

Injini ilikuwa inanguruma chini. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja mwaka mzima. Nilikuwa nimeyasikia kwenye namna anavyoweka sahani mezani, kwenye namna anavyonipa mgongo tunaposali. Sasa yalikuwa yametoka.

"Ndiyo," nikasema. "Niliandika mimi, kwa mkono huu."

"Alikuwa mwangalifu maisha yake yote! Alikuwa amelala, Mama! Hakukimbia mbio yoyote!"

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana siwezi kukuambia njia ipi ina usalama. Mimi si wa kuulizwa hilo tena. Ila ile hatari ya baba yako sikuiona." Nikaweka viganja vyangu vyote viwili juu ya boneti, ikaniunguza. "Hii naiona."

Prudencia akaitazama mikono yangu juu ya bati. Kisha kelele ikakatika. Ukimya ulioingia ulikuwa mzito mpaka nikasikia mafuta yakichemka jikoni kwa Teodora.

Nkwabi akazunguka, akafungua mlango, akachutama pale chini karibu na miguu ya Prudencia.

"Nilikuwa nakuogopa wewe kuliko gari," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nilidhani siku nikikukatalia, utaniacha."

"Basi nikatalie sasa, nione."

"Hapana. Huendeshi hili. Na mimi siendeshi. Tutazunguka Kahama kwa basi, hata ikiwa siku mbili."

Prudencia alifuta pua kwa nyuma ya mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Siku mbili? Tutalala njiani mimi na wewe, halafu baba mdogo Projest aseme nini?"

"Mtalala," nikasema kutoka kule mbele, "na mimi nikiwa katikati."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimechanganyika na makamasi, lakini kilikuwa chake. Akaupachika ufunguo kwenye kiganja cha Nkwabi, na kidole chake kikachelewa kuondoka pale. Kisha akashuka, akaja kwangu.

"Mama, nimezima. Toka sasa, utaungua."

"Siwezi."

"Mama, gari limezimwa."

"Nimesikia. Miguu imekataa."

Ilikuwa kweli. Hofu niliyoishikilia tangu Buhongwa, na pengine tangu mwaka jana gatini, sasa ndiyo ilikuwa inateremka mwilini. Viganja havikubali kubanduka kwenye bati lile. Prudencia akavibandua kimoja kimoja, akavipuliza. Akanishika upande huu, Nkwabi akanishika upande ule, wakaninyanyua kama mgonjwa, miguu inaburuza vumbi. Tulipofika katikati ya uwanja nikahisi nyuma ya mgongo wangu, kupitia kitenge kilicholowa jasho, mkono mmoja unautafuta mwingine, unaupata, unaukamata kwa nguvu.

Nikajifanya sijahisi. Nikawaachia uzito wangu wote, wanibebe.